Harilal, Mwana wa Gandhi: Aliyekosa Baba Katika Nyumba ya Baba wa Taifa

Tarehe 31 Januari 1948, kando ya mto Yamuna katika mji wa Delhi, umati wa watu usiohesabika ulikusanyika kuuaga mwili wa Mahatma Gandhi, aliyepigwa risasi jioni ya siku iliyotangulia. Kwa desturi ya Wahindu, mwana wa kwanza ndiye mwenye wajibu wa kuutia moto mwili wa babaye. Walakini siku ile aliyeshika moto alikuwa Ramdas, mwana wa tatu. Wa pili, Manilal, alikuwa mbali Afrika Kusini. Na wa kwanza je? Jina lake lilikuwa Harilal, naye alikuwa hai bado, umri wake miaka 59, mgonjwa na mwenye kutangatanga, hana nyumba wala kazi.

Wazee wetu walisema kwamba mganga hajigangi. Wasomaji wetu wengi wamesoma habari za Gandhi, jinsi alivyowafundisha mamilioni ya watu wa Bara Hindi kudai uhuru wao bila ya kumwaga damu, hata wakamwita Bapu, yaani Baba. Ni wachache waliosimuliwa habari za mwanawe huyu. Twaziandika leo si kwa kutaka kumwaibisha marehemu yeyote, bali kwa kuwa kila mwenye watoto, awe mkulima shambani au karani ofisini, ataona ndani yake jambo linalomhusu.

Baba Msafiri

Mohandas Karamchand Gandhi alizaliwa Porbandar, katika nchi ya Wagujarati, tarehe 2 Oktoba 1869. Aliozwa angali na miaka 13 tu, na mkewe Kasturba alikuwa rika lake. Mtoto wao wa kwanza alifariki baada ya siku chache za kuzaliwa. Kisha, katika mwaka wa 1888, akazaliwa Harilal. Mtoto yule alikuwa angali mchanga babaye alipopanda meli mwezi wa Septemba mwaka ule ule kwenda London kusomea sheria. Gharama za safari zilikuwa kubwa, hata baadhi ya mapambo ya mkewe yakauzwa. Miaka mitatu ikapita. Aliporudi katika mwaka wa 1891, alimkuta mwanawe anatembea na kusema, wala hamjui baba ni nani.

Kazi ya uwakili haikumwendea vema nyumbani, na baada ya muda usiotimia miaka miwili alikubali kwenda Afrika Kusini kuwatumikia wafanya biashara Wahindi katika daawa moja. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja tu. Wenyeji wa pwani yetu huenda wakapenda kujua kwamba katika safari ile ya mwaka wa 1893, bandari ya kwanza aliyokanyaga Afrika ilikuwa Lamu. Meli ilitia nanga kwa saa chache, akashuka kuutazama mji, akaonana na makarani Wahindi wa posta. Aliporudi, mkondo ulikuwa mkali na mashua imejaa watu. Ngazi ya meli ilikuwa imekwisha kuinuliwa, ikambidi avutwe juu kwa kamba. Kutoka Lamu alipita Mombasa, akakaa Unguja siku kadha, ndipo akaendelea mpaka Durban.

Mwaka mmoja ule ukawa miaka mitatu. Katika mwaka wa 1896 alirudi Bara Hindi kuwachukua watu wake. Harilal alikuwa na miaka minane. Tukihesabu vizuri tutaona kwamba katika miaka hiyo minane, mtoto huyu alikaa na babaye muda usiotimia miaka miwili na nusu.

Na siku ya kwanza ya maisha mapya haikuwa siku njema. Wazungu wa Durban walikuwa wamekasirika kwa maneno aliyoyasema Gandhi huko kwao kuhusu mateso ya Wahindi. Walipotua mwezi wa Januari 1897, mama na watoto walitangulizwa kwa gari mpaka nyumba ya rafiki, Parsi Rustomji. Gandhi alifuata nyuma kwa miguu, akapigwa kwa mawe na mateke, na angaliuawa kama si mke wa mkuu wa polisi kumkinga kwa mwavuli wake. Mtoto Harilal alijifunza mapema kwamba kuwa mwana wa mtu huyu si jambo jepesi.

Swala la Shule

Hapa ndipo ugomvi ulipoota mizizi. Watoto wa Gandhi wangaliweza kupokewa katika shule za Wazungu mjini Durban kwa upendeleo, kwa kuwa baba yao alikuwa wakili mwenye jina. Gandhi akakataa. Alisema kuwa hawezi kukubali kwa watoto wake jambo ambalo watoto wa Wahindi wengine wamenyimwa. Shule za misheni nazo hazikumridhisha, wala lugha yao, kwa maana alitaka watoto wafundishwe kwa Kigujarati. Kwa muda aliajiri mwalimu mwanamke wa Kiingereza kwa mshahara wa pauni saba kwa mwezi, na yeye mwenyewe akawafundisha kila alipopata nafasi. Lakini nafasi haikuwapo. Mchana alikuwa kortini, na jioni mikutanoni.

Baadaye, huko Johannesburg, Gandhi alikuwa na desturi ya kwenda kazini kwa miguu na kurudi, mwendo wa maili tano kwa jumla, huku watoto wakifuatana naye naye akiwafundisha njiani. Gandhi mwenyewe aliandika habari hii katika kitabu cha maisha yake, akaongeza kwamba watoto wake wote walilelewa hivyo isipokuwa mmoja. Mmoja huyo alikuwa Harilal, aliyeachwa Bara Hindi kwa ajili ya masomo. Hata ile shule ya njiani hakuipata.

Msomaji asidhani kwamba Gandhi alikuwa baba asiye na huruma. Mwanawe wa mwisho, Devdas, alipozaliwa mwaka wa 1900, baba ndiye aliyempokea kwa mikono yake mwenyewe, kwa sababu mkunga hakupatikana kwa wakati, naye alikuwa amesoma kitabu ili ajue la kufanya. Aliwauguza watoto wake wakiwa wagonjwa, akikesha kando ya vitanda vyao. Lakini aliamini kwamba tabia njema ni bora kuliko vyeti, na kwamba kazi ya mikono na kuwatumikia watu ni elimu iliyo kubwa kuliko ile ya vitabu. Yeye alikwisha kuipata ile ya vitabu, ndiyo iliyompa mkate na heshima. Mwanawe aliitaka iyo hiyo. Nani kati yetu hajaona jambo hili, kwamba aliyekwisha kunywa maji husahau kiu ya mwenziwe?

Ndoa na Gereza

Katika mwaka wa 1906 Harilal, mwenye miaka 18, alimwoa Gulab, aliyeitwa nyumbani Chanchal, binti wa wakili wa Rajkot. Gandhi hakupendezwa. Aliona kuwa mwanawe angali mchanga kwa ndoa, akamwandikia ndugu yake mkubwa barua nzito sana, akisema kwamba kwa sasa hamhesabu Harilal kuwa mwanawe. Ajabu ni kwamba mwaka ule ule baba aliweka nadhiri ya kuacha mambo ya unyumba maisha yake yote. Mwana alikuwa akiingia katika mlango ambao baba alikuwa akitoka.

Hata hivyo kijana alifuata Afrika Kusini, na vita vya haki vilipoanza hakubaki nyuma. Serikali ya Transvaal ilikuwa imetunga sheria ya kuwalazimisha watu wa Asia kuandikishwa, kupigwa alama za vidole na kuchukua cheti kila waendako. Wasomaji wetu wa Kenya ambao baba zao walivaa kipande shingoni hawana haja ya kuelezwa zaidi. Gandhi aliwaita watu waikatae sheria hiyo bila ya kupigana, waingie gerezani kwa hiari. Njia hiyo akaiita satyagraha, yaani kuishika kweli kwa nguvu zote.

Mwezi wa Julai 1908 Harilal alitembeza matunda mitaani Johannesburg bila ya leseni, makusudi akamatwe. Akakamatwa. Babaye mwenyewe alisimama kortini kuwa wakili wake, na kijana akahukumiwa kazi ngumu. Watu walipouliza kwa nini amemtia mwanawe gerezani, Gandhi aliandika katika gazeti kwamba hawezi kuwashauri wengine kufanya jambo ambalo hakulifanya mwanawe, na kwamba kwenda gerezani kwa ajili ya nchi ni sehemu ya elimu ya Harilal.

Kati ya mwaka wa 1908 na 1911 Harilal aliingia gerezani mara sita. Mkewe alikuwa na mtoto mchanga, lakini hakunung'unika. Kila alipotoka alirudi tena mstari wa mbele, hata watu wakampa jina la heshima la Gandhi Mdogo. Ni vema tulikumbuke jina hilo. Mtu ambaye baadaye alitajwa kwa ulevi na madeni, katika ujana wake alikuwa askari hodari wa haki, asiyeogopa kuvunja mawe kwa ajili ya watu wake.

Fedha za Masomo

Katika miaka ile ile lilitokea jambo ambalo Harilal hakulisahau kamwe. Rafiki tajiri wa Gandhi, Dakta Pranjivan Mehta, alitoa fedha ili mmoja wa wana wa Gandhi apelekwe Uingereza kusoma. Harilal alikuwa na hamu kubwa ya kuwa mwanasheria kama babaye. Alikuwa mkubwa wa watoto na amekwisha kutumika gerezani. Bila shaka alitumaini kwamba zamu yake imefika.

Gandhi aliona vingine. Alisema kwamba fedha zile si mali ya nyumba yake, ni amana, na anayestahili kupelekwa ni yule atakayewafaa watu zaidi. Akamchagua Chhaganlal, mtoto wa ndugu yake, aliyekuwa mtumishi mwaminifu wa makazi yao ya Phoenix. Chhaganlal akaenda, akaugua, akarudi asimalize. Nafasi ikawa wazi tena. Mara hii alipelekwa kijana Mparsi, Sorabji Adajania, mmoja wa wafungwa hodari wa satyagraha.

Tulitazame jambo hili kwa pande zote mbili, maana ni jambo gumu. Kila siku twawalaumu wakubwa wanaowapa ndugu zao kazi na nafasi za masomo, tukiita jambo hilo dhuluma. Hapa tumempata mkubwa mmoja aliyekataa kufanya hivyo hata mara moja, na kila mwenye haki atamsifu. Lakini upande wa pili yuko kijana anayeuliza, Je, kosa langu ni nini? Kama nisingalikuwa mwana wako, usingaliniona? Na swali hilo lina uzito. Kwani haki isiyompendelea mwana ni haki. Bali haki inayomnyima mwana kwa sababu ni mwana, je, hiyo nayo tuiite jina gani?

Mwezi wa Mei 1911 Harilal aliondoka nyumbani bila ya kuaga, akachukua vitu vichache pamoja na picha ya babaye. Wanaojua mioyo ya wanadamu watalifahamu jambo hili la picha. Alikwenda mpaka Delagoa Bay, bandari ambayo siku hizi ni Maputo, akitaka kupata meli ya kwenda kwao. Alitambuliwa huko akarudishwa. Baba na mwana wakakaa wakazungumza kwa kirefu, na mwisho Gandhi akampa ruhusa aende zake kwa amani. Walipoagana katika stesheni ya gari la moshi, baba alimbusu mwanawe, akampiga kikofi chepesi shavuni, akamwomba amsamehe ikiwa aona kwamba amemkosea. Gari likaondoka.

Kuanguka

Harilal aliingia shule ya sekondari katika mji wa Ahmedabad, mtu mzima mwenye mke na watoto akiketi pamoja na wavulana. Alijaribu mtihani wa kumaliza shule zaidi ya mara moja, akashindwa. Baba yake aliporudi Bara Hindi kwa kukaa kabisa, mwezi wa Januari 1915, mwana hakutaka kuishi naye. Mwezi wa Machi mwaka ule alimwandikia barua ndefu, akaipiga chapa na kuwagawia jamaa. Ndani yake alieleza mashtaka yake yote: kwamba yeye na nduguze walinyimwa elimu, kwamba hawakupata uhuru wa kusema mbele ya baba yao, na kwamba baba alikuwa na masikio kwa kila mtu isipokuwa watoto wake.

Kisha akaenda Calcutta kutafuta kazi. Huko nduguye Manilal alimpelekea msaada wa fedha alizokuwa amewekewa amana katika ashram ya baba yao. Gandhi alipogundua, alimfukuza Manilal, na baadaye akampeleka Afrika Kusini, alikokuwa mhariri wa gazeti la Indian Opinion kwa miaka mingi mpaka kufa kwake mwaka wa 1956. Ona tofauti ya ndugu wawili. Manilal naye alionja ukali wa baba, tena zaidi ya mara moja. Lakini alipewa kazi ya kushika, na kazi hiyo ikamshika.

Harilal hakupata nguzo ya namna hiyo, na ile aliyokuwa nayo ikavunjika. Katika mwaka wa 1918 homa kubwa ya mafua iliyozunguka dunia nzima ilimchukua mkewe Chanchal na mtoto wao mmoja. Waliomjua walisema kwamba mke huyo ndiye aliyekuwa akimtuliza. Tangu hapo aliteremka kilima. Watoto waliosalia walilelewa na jamaa. Biashara zake zilianguka moja baada ya moja, akaingia katika ulevi na madeni.

Jina la baba likawa mali pekee aliyobaki nayo, na watu wajanja walijua namna ya kulitumia. Katika mwaka wa 1925 Gandhi alipokea barua ya wakili mmoja, akilalamika kwamba mteja wake alitia fedha katika kampuni ambayo Harilal alikuwa mmoja wa wakurugenzi wake, naye alifanya hivyo kwa kuliamini jina la Gandhi, na sasa kampuni haionekani. Gandhi aliipiga chapa barua ile katika gazeti lake la Young India, akajibu mbele ya ulimwengu wote. Alikiri kwamba ndiye baba wa Harilal, akasema kuwa mawazo yao yametengana tangu zamani, kwamba yeye hana sehemu katika biashara ile, na kwamba watu wasiyafuate majina makubwa kama vipofu, kwani mtu aweza kuwa mwema na watoto wake wasiwe hivyo.

Katika miaka ile ile, Gandhi alipokuwa akiandika kitabu cha maisha yake, alikiri jambo lingine ambalo baba wachache wangalithubutu kuliandika. Alisema kwamba makosa aliyoyaona kwa mwanawe mkubwa yalikuwa mwangwi wa maisha yake mwenyewe ya ujana, kabla hajajua kujitawala. Hata hivyo hakujuta kwa ajili ya shule. Hapo alisimama imara mpaka mwisho.

Kubadili Dini

Mwishoni mwa mwezi wa Mei 1936 Bara Hindi lilishtuka kwa habari kwamba Harilal amesilimu mjini Bombay na kuitwa Abdullah. Wakati ule mambo ya Wahindu na Waislamu yalikuwa kama kuti kavu karibu na moto, na habari hiyo ikapigiwa ngoma kila mahali. Gandhi aliandika kwamba kama mwanawe ameingia dini hiyo kwa moyo safi, yeye hana ugomvi naye, kwani aiheshimu dini ya Kiislamu kama yake. Hofu yake ilikuwa kwamba mtu asiyeacha ulevi na madeni hajabadili kitu isipokuwa jina. Haikupita miezi mingi Harilal akarudi katika dini ya Kihindu mwaka ule ule.

Mamaye aliumia zaidi. Kasturba hakuwa mtu wa kuandika katika magazeti, lakini mwaka ule barua yake kwa mwanawe ilipigwa chapa. Alimwambia kwamba kila asubuhi huogopa magazeti yatakayoleta, na kwamba wazazi wake sasa ni wazee wasioweza kuuchukua mzigo huu. Aliwageukia pia wale waliomshangilia, akawauliza kama kweli wamtakia mema, au wafurahia tu kumwaibisha baba yake.

Chungwa la Mama

Yako mambo mawili ya mama na mwana ambayo yafaa yasimuliwe pamoja.

La kwanza lilitokea katika stesheni ya Katni. Gandhi na mkewe walikuwa wakisafiri kwa gari la moshi, na kama kawaida umati ulijaa ukimshangilia Mahatma. Mara ikasikika sauti moja ikimshangilia Mama Kasturba. Walipotazama walimwona Harilal, nguo zake zimechakaa na meno yamepunguka. Akatoa chungwa moja mfukoni, akampa mamaye, akasema kuwa amelipata kwa kuomba, na kwamba ni la mama peke yake. Kwa babaye alisema tu kwamba ukuu wake wote ameupata kwa sababu ya mama. Kasturba alimsihi apande gari waende wote nyumbani. Harilal akajibu kwamba amekwisha kwenda mbali mno, hawezi kurudi. Gari likaanza kuondoka, naye akabaki akipaza sauti ile ile, peke yake kati ya maelfu, akilishangilia jina la mamaye.

La pili ni la Februari 1944. Gandhi na Kasturba walikuwa wafungwa wa Waingereza katika jumba la Aga Khan huko Poona, na Kasturba alikuwa mgonjwa wa kufa. Alimwulizia mwana wake mkubwa tena na tena. Serikali ilimtafuta, akaja, na mama akafurahi. Alipokuja tena alikuwa amelewa. Kasturba alimwona katika hali ile, akalia na kujipiga kipaji cha uso kwa mikono yake, hata ikabidi Harilal aondolewe chumbani. Siku iliyofuata, tarehe 22 Februari, mama alifariki.

Mwisho Wake

Gandhi aliuawa tarehe 30 Januari 1948. Harilal hakukaa sana nyuma yake. Alifariki kwa kifua kikuu katika hospitali mjini Bombay, tarehe 18 Juni 1948, kabla ya kutimia miezi mitano. Nchi nzima ilimlilia baba. Waliomlilia mwana walikuwa jamaa wachache. Miaka mingi ilipita kabla maisha yake hayajaandikwa kitabu kwa Kigujarati, katika mwaka wa 1977, na hatimaye yakatengenezwa filamu huko Bara Hindi katika mwaka wa 2007.

Sasa tuseme nini? Wako watakaosema kwamba kosa lote ni la baba. Hawasemi kweli yote. Harilal alikuwa na ndugu watatu waliokulia chini ya mkono ule ule, nao hawakupotea. Babaye hakumfungia mlango kabisa. Hata katika miaka ya mwisho aliendelea kumwandikia na kumngoja. Na kinyongo, hata kikiwa cha haki, si fimbo ya kutembelea maisha yote. Mwenye kukiegemea huanguka nacho.

Wako pia watakaosema kwamba kosa lote ni la mwana, kwa kuwa mtoto wa mtu mwema yampasa awe mwema. Hao nao hawasemi kweli yote. Kijana aliyekwenda gerezani mara sita kwa neno la babaye hakuwa mtoto mtukutu. Aliomba kitu kimoja tu, shule, na hakikuwa kitu kibaya. Mkulima anayeuza ng'ombe wake wa mwisho ili mwanawe asome, na karani anayekata mshahara wake kila mwezi kwa ajili ya karo, hawajaandikwa katika vitabu vya historia. Lakini wamefanya jambo ambalo mtu mmoja mkubwa kuliko wote wa zama zake alishindwa kulifanya kwa mwanawe mkubwa.

Nao wazee wa baraza, viongozi wa vyama, walimu na watumishi wa dini, ambao kila siku huitwa na watu wa nje kuamua mashauri yao, na wajiulize jioni warudipo: Je, katika nyumba yangu liko shauri linalongoja kusikilizwa? Mwenye kumpa kila mtu sikio lake na amwekee mwanawe angalau sehemu ya jioni moja. Haki ya ulimwengu haitapungukiwa kwa hilo.

Harilal alipotoroka mwaka wa 1911 alichukua picha ya baba yake. Hakuchukua fedha nyingi wala nguo nyingi. Mtoto anayeondoka kwa hasira na picha ya babaye mfukoni hajaondoka bado. Huyo ataka kuitwa.